Pawasaplai ya ampu ya kujiundia: transfoma, swichingi, moduli ndogo au betri, uchukue ipi?

Wakuu, swali la "ampu yangu niiwekee pawasaplai gani" wengi wanalianzia mwishoni, wanaanza na moduli, picha nzuri, volti kubwa, alafu ndo wanakumbuka kujiuliza saketi yenyewe inakula nini. Mi nasema anza na saketi. Bodi ya TPA3116 (chipu ya ampu) inayosukuma spika mbili inataka nguvu, priampu ya santuri (inayokuza mawimbi madogo kabla ya ampu) inataka utulivu, na hivyo vitu viwili mara chache sana utavikuta kwenye moduli moja. Kwa hiyo sitakutajia moja iliyo bora kuliko zote, nitaziweka pamoja mbili mbili tatu tatu uone ipi inakaa wapi na wapi itakusumbua.

Kabla ya hapo kuna jambo la volti na ampia maana linachoma bodi za watu kila siku. Volti ndo zinaamua ampu itatoa wati ngapi. TPA3116 ukiilisha 12V na spika za omu 4 utapata kama wati 15 kila upande kabla sauti haijaanza kupasuka, ukiilisha 19V unasogea karibu na 40, na kama spika ni omu 8 gawa kwa mbili. Ampia zenyewe ni uwezo tu, pawasaplai ya ampia 10 haisukumizii ampu ampia 10, ampu inavuta inachohitaji, kwa hiyo ampia zikizidi hamna shida kabisa, volti zikizidi ndo chipu inakufa. Mwisho wa TPA3116 ni 26V, kwa chipu nyingine za ampu mwisho wa PAM8403 ni 5.5V, mwisho wa TDA2030 ni plasi 18 na mainasi 18, na hizo ni namba za kukaa chini yake sio za kuzigusa.

Transfoma au swichingi

Transfoma, daraja la dayodi na kapasita mbili kubwa, hii ndo njia ya zamani na bado ina wapenzi wake, na wana sababu. Kelele yake inatabirika. Umeme wa ukutani ukiwa 50Hz utapata mngurumo wa 100Hz, ukiwa 60Hz utapata wa 120Hz, na ukubwa wake unauhesabu kwa kikokotoo cha simu: chukua ampia, gawa kwa marudio ya mngurumo (Hz), gawa tena kwa kapasita kwa faradi. Ampia 1 kwenye kapasita ya 10,000uF kwa 100Hz inakuachia kama volti 1 ya mabaki ya AC juu ya DC yako. Inatisha ukiisoma, lakini chipu za ampu za klasi AB (zisizokatakata umeme) kama LM3886 zina uwezo mkubwa wa kuyakata hayo mabaki zenyewe, kwenye spika husikii kitu kama nyaya zako za graundi umezipanga vizuri. Kitu kingine kizuri cha transfoma ni kwamba besi ikigonga ghafla volti zinashuka kidogo, zinapanda tena, muziki unaendelea, haizimi.

Ubaya wake ni uzito, ukubwa, ule uga wa sumaku unaoingia kwenye nyaya za mawimbi madogo, na kwamba unashika umeme wa ukutani kwa mikono yako. Na kuna mtego wa namba ambao lazima niuseme. Transfoma ya 15-0-15, yaani AC ya 15V kila upande wa nukta ya katikati, haikupi plasi 15 na mainasi 15. AC ya 15V ukiigeuza na kuiweka kwenye kapasita inafika kileleni, yaani mara 1.41, ukitoa kinachopotea kwenye dayodi unabaki na kama 20V kila upande, na transfoma nyingi zikiwa hazina mzigo zinatoa zaidi ya ilivyoandikwa kwa asilimia 10 mpaka 20. Sasa mtu anaichukua hiyo anaifunga kwenye TDA2030 akiamini ana plasi mainasi 15, chipu inakufa siku hiyo hiyo na analaumu chipu feki. Kwa TDA2030 hata 12-0-12 tayari iko karibu na ukingo. Kwa LM3886 ukitaka kukaa maeneo ya plasi mainasi 28, ambapo chipu inatoa kama wati 68 kwenye omu 4, tafuta 20-0-20.

Mtego wa pili ni wa ampia, transfoma iliyoandikwa ampia 1 AC haikupi ampia 1 DC baada ya kapasita, hesabu kama 0.6 hivi. Ndo maana kwa ampu ya klasi AB watu wanachukua VA za transfoma kama mara moja na nusu ya jumla ya wati za spika, mfano pande mbili za wati 40 unatafuta ya VA 120 au kuzidi kidogo.

Swichingi, yaani pawasaplai inayokatakata umeme kwa kasi badala ya kutegemea transfoma kubwa, ni kinyume karibu kwa kila kitu. Ni nyepesi, ni ndogo, volti zake zimesimama pale pale uwe unasikiliza kwa sauti ya chini au unatikisa nyumba, na za kufungwa tayari kwenye boksi kama LRS-150-24 ya Mean Well zinakupa 24V na ampia 6.5 bila wewe kuhesabu kapasita yoyote. Kwa ampu za klasi D, zile zinazokatakata umeme zenyewe, mi sioni kwa nini mtu ahangaike na transfoma. TPA3116 yenyewe inakatakata umeme kuanzia 400kHz kwenda juu, sasa ukiogopa kelele ya swichingi kwenye pawasaplai wakati ampu yenyewe ni swichingi unaogopa kitu ambacho tayari kiko ndani ya nyumba.

Ila jua tabia zake. Ukiizidishia mzigo haishuki taratibu kama transfoma, inakata, inajaribu tena, inakata, na kwenye spika unasikia sauti inakwenda na kurudi kila besi inapopiga. Ukisikia hivyo ujue ampia hazitoshi. Wengi hapo wanaongeza kapasita kubwa kwenye njia ya kutokea, na inasaidia kweli, 2200uF au 4700uF karibu kabisa na bodi ya ampu, lakini usiende kupanga kapasita kumi maana swichingi nyingi zikiwashwa zinakutana na kapasita tupu kubwa zinadhani ni shoti na zinagoma kuwaka. Tabia nyingine, kwenye swichingi kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa DC kwa ajili ya kupunguza kelele za redio, na kama pawasaplai haina waya wa ardhi ile kapasita inavujisha mkondo mdogo sana unaoweza kuusikia kama mwasho ukigusa boksi la chuma, au kama mngurumo ukiunganisha ampu na kifaa kingine. Ukiipata yenye sehemu ya ardhi, ifunge, usiiache inaning'inia. Na zile za volti za kurekebisha kwa bisibisi, 24V ukiigeuza kidogo tu unavuka 26 ya TPA3116, pima kwa mita kabla hujaunganisha bodi.

Chaja ya laptop ya 19V ni swichingi nzuri tu iliyofungwa vizuri na iliyopita vipimo vya usalama, na ile ya wati 65 inatosha kabisa TPA3116 kwa muziki wa kawaida, kwa sababu muziki hauko kileleni muda wote, wastani wake ni sehemu ndogo ya ile wati ya juu. Siku hizi kuna pia zile bodi ndogo za kuomba volti kutoka kwenye chaja za USB-C, unachagua 9, 12, 15 au 20V, na kwa 20V na ampia 3 una wati 60 mkononi. Ukitaka ampia 5 kebo nayo lazima iwe ya ampia 5, kebo ya kawaida chaja itakugomea. Mimi kwa mtu anayeanza napendelea hizi mbili kuliko pawasaplai tupu isiyo na kasha, kwa sababu moja tu, umeme wa ukutani hauingii kwenye boksi lako.

LM2596 au LM317, na zile za kimya sana

Hapa ndo kwenye ubishi mkubwa. Una 24V ya ampu, unataka 12V ya priampu au 5V ya kibodi fulani, unashusha na nini?

LM317 ni regyuleta, yaani chipu ya kushikilia volti mahali pamoja, na inashusha kwa kuchoma tofauti iwe joto. Kutoka 24V kwenda 12V kwa ampia 1 unachoma wati 12, hiyo ni hitisinki ya maana. Bila hitisinki ile kasha ya TO-220 usiipe zaidi ya wati 1 hivi. Lakini priampu yenye opampu (chipu ndogo za kukuza mawimbi) mbili za NE5532 inakula kama miliampia 16, kwa hiyo joto ni wati 0.2, huhitaji hata kufikiria. LM2596 haichomi, inakatakata kwa 150kHz na inapitisha ampia 2 kirahisi (hiyo 3 iliyoandikwa ni ya karatasini, bila kupozwa usiitegemee), ila inakuachia makumi ya milivolti ya kelele kwenye DC yako.

Sasa watu wanasema 150kHz sikio halisikii, tatizo liko wapi? Tatizo liko sehemu mbili. Kwanza opampu, inakata kelele za pawasaplai vizuri sana chini kule, NE5532 kama desibeli 100, lakini uwezo huo unapungua kadri marudio yanavyopanda, kwa hiyo ile 150kHz inapenya ndani na kule ndani inachanganyika na mambo mengine. Pili, na hii ndo inawatesa watu bila kujua chanzo, ukiwa na moduli mbili za aina hiyo kwenye boksi moja hazikatikati kwa marudio sawa kabisa, moja iko 150 nyingine 152, na tofauti yao ni 2kHz, mluzi ambao sikio linaupata vizuri kabisa. Alafu kuna moduli feki za LM2596 zinazokwenda kama 50kHz, hizo koili inakuwa ndogo kuliko inavyotakiwa, zinachemka na kelele yake ni kubwa zaidi. Na za kupandisha kama MT3608 zenyewe zinakwenda 1.2MHz, lakini mzigo ukiwa mdogo zinaruka ruka mapigo ili kuokoa umeme, na yale mapigo yanaweza kushuka mpaka kwenye eneo la kusikika. Kwa hiyo moduli inayopiga kelele priampu ikiwa peke yake inaweza kunyamaza ukiiongezea mzigo, usishangae.

Dawa ninayoipenda ni kuzitumia zote mbili, LM2596 ishushe kutoka 24 mpaka 15, alafu LM317 imalizie mpaka 12. Joto dogo, kelele ndogo. Katikati weka koili ya 100uH na kapasita ya 470uF, hiyo chujio inaanza kukata kama 700Hz na ikifika 150kHz imeshakata karibu kila kitu, kinachobaki kinategemea ubora wa kapasita. Hii ni muhimu kwa sababu hata LM317 nayo haifanyi kazi vizuri huko juu, yenyewe ni bingwa wa mngurumo wa 100Hz, sio wa 150kHz.

Na kwenye LM317 angalia kama kuna kapasita ya 10uF kutoka mguu wa kurekebisha kwenda graundi. Hiyo moja tu inapandisha uwezo wake wa kukata mngurumo kutoka desibeli 65 hivi mpaka 80. Moduli nyingi za bei nafuu hazina. Ukiiongeza mwenyewe ongeza na dayodi ya kuilinda, kutoka mguu wa kurekebisha kwenda mguu wa kutokea, ili kapasita ikijimwaga siku ya shoti isipitie ndani ya chipu.

Juu ya hizo kuna za kimya hasa, kama LT3045 yenye kelele ya mikrovolti 0.8 tu, au TPS7A4700 yenye mikrovolti 4. Ni nzuri mno, na kwa saa ya DAC (kigeuza sauti ya dijitali kuwa analogi) au hatua ya kwanza ya maikrofoni zinastahili. Ila LT3045 haivumilii zaidi ya 20V kuingia na inatoa miliampia 500 tu, na kama graundi yako imepangwa vibaya haitakusaidia chochote maana kelele inaingia kwa mlango mwingine. Nimeona watu wananunua regyuleta ya kimya kuliko zote alafu waya wa graundi wa spika na wa priampu ni mmoja. Panga graundi kwanza, kila kitu kirudi kwenye nukta moja kwenye kapasita kubwa, ndo ufikirie mikrovolti.

Plasi na mainasi zinatoka wapi

Opampu nyingi zinataka pande mbili na pawasaplai nyingi ni za upande mmoja, njia ziko kadhaa na hazilingani. Kugawa kwa rezista mbili na kapasita kunafaa kwa opampu moja ya hedifoni basi, ukivuta mkondo usio sawa ile nukta ya katikati inahama. TLE2426 ni chipu ya kazi hiyo hiyo, inashika katikati vizuri zaidi lakini ni miliampia 20 tu. Vijimoduli vya aina ya A0515S vinachukua 5V vinakupa plasi 15 na mainasi 15, ni rahisi mno, ila ni wati 1 na volti zake hazijasimamiwa, bila mzigo zinapanda, na vina kelele ya kukatakata, kwa hiyo weka chujio na regyuleta nyuma yake.

Adapta mbili zinazofanana ukaziunga moja juu ya nyingine, katikati ikawa graundi, inafanya kazi vizuri, sharti moja tu, zote ziwe hazijaunganisha mainasi na waya wa ardhi. Chaja za pini tatu nyingi zimeunganisha, na hapo ukizipanga hivyo moja unaipiga shoti kupitia ardhi. Pima kwa mita kwanza, kati ya mainasi ya DC na pini ya ardhi, ikilia usiitumie.

Ninayoipenda mimi kuliko zote kwa priampu ni adapta ya AC, ile ndogo ya ukutani inayotoa 12V AC sio DC. Dayodi mbili, kapasita mbili za 2200uF au kubwa, unapata kama plasi 17 na mainasi 17, unashusha kwa LM317 na LM337 (pacha wake wa upande wa mainasi) mpaka 12 na 12. Mabaki ya AC hapa ni ya 50Hz kwa sababu kila upande unachajiwa mara moja tu kwa mzunguko, lakini mkondo ni mdogo na regyuleta zinayamaliza. Transfoma iko mbali na mawimbi yako madogo, umeme wa ukutani hauingii kwenye boksi. Angalizo tu, miguu ya LM317 na LM337 haijapangwa sawa, na ya regyuleta za 7815 na 7915 pia sio sawa, na bati la mgongoni kwa 7815 ni graundi wakati kwa 7915 ni volti zinazoingia, kwa hiyo ukizifunga kwenye hitisinki moja bila karatasi ya kuzuia umeme umepiga shoti mwenyewe.

Bluetooth inayolia

Hii peke yake inastahili nafasi yake. Bodi ya ampu, LM2596 ya kushusha mpaka 5V, moduli ya Bluetooth, vyote pawasaplai moja, unawasha unasikia mluzi na tiki tiki hata muziki ukiwa haupo. Mtu anabadilisha LM2596 anaweka regyuleta ya 7805, mluzi upo, anaweka kapasita, upo. Ni kwa sababu kelele haiji kupitia plasi, inakuja kupitia graundi. Moduli ya Bluetooth inavuta umeme kwa mapigo, na mkondo wake wa kurudi una njia mbili, waya wa graundi wa umeme na waya wa graundi wa sauti, sehemu inapita huko kwenye sauti. Miliampia 100 kwenye waya wenye miliomu 20 tu ni milivolti 2, ampu yenye ukuzaji wa desibeli 26 inazizidisha mara 20, tayari una milivolti 40 kwenye spika.

Hapa ndo B0505S inashinda regyuleta yoyote, hata iwe kimya vipi. Inachukua 5V inatoa 5V lakini pande mbili hazijaunganishwa, kwa hiyo mkondo wa Bluetooth unabaki upande wake na waya wa sauti unabeba sauti peke yake. Inatoa miliampia 200, angalia moduli yako haivuti zaidi. Graundi ya upande wa pili usije ukaiunganisha tena na ya pawasaplai, utakuwa umeifuta kazi yote.

Betri

Betri ni kimya kuliko kila kitu nilichotaja, haina mngurumo, haina kitanzi cha graundi, na kwa priampu ya maikrofoni au ya hedifoni ni chaguo la heshima. Seli za 18650 zinaanza 4.2V zinaisha 3V, kwa hiyo tatu mfululizo ni 12.6 mpaka 9, saketi yako lazima iishi kote humo bila wewe kuweka moduli ya kupandisha, maana ukiiweka ule ukimya ulioulipia umeondoka. Weka bodi ya kuzilinda. TP4056 inachaji seli moja, sio tatu mfululizo. Pawabenki zinajizima mzigo ukiwa mdogo, kwa priampu zitakuudhi.

Ningekuwa nachagua mimi

TPA3116 ya sebuleni, chaja ya laptop au USB-C ya 20V, na Bluetooth yake kupitia B0505S. Sabwufa ya TPA3255 hiyo inataka swichingi ya boksi ya 48V yenye ampia za kutosha, transfoma ya kufikia hapo ni mzigo bure. LM3886 nipe transfoma ya duara ya 20-0-20, kapasita 10,000uF kila upande, na rezista ya kuzimwaga ukizima maana zinakaa na umeme muda mrefu. Fyuzi upande wa ukutani, boksi la chuma lifungwe ardhi, na siku ya kwanza iwashe kupitia balbu ya nyuzi iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa umeme, kama kuna shoti balbu inawaka badala ya transfoma kuungua.

Priampu ya santuri ndo ngumu zaidi. Kidude cha sindano aina ya MM kinatoa kama milivolti 5 tu, na kwa sababu ya namna santuri zinavyorekodiwa priampu lazima iinue besi, kwa 20Hz inakuza mara 1000 hivi wakati kwa 1kHz ni mara 100, kwa hiyo mngurumo wa 50 na 100Hz unaangukia mahali pabaya kuliko pote. Hiyo nisingeipa umeme wa ampu hata kwa regyuleta kumi. Adapta yake ya AC, LM317 na LM337 zenye zile 10uF, pawasaplai kwenye kijiboksi chake mbali na mashine ya santuri, na kebo fupi ya DC inayoingia kwenye priampu.